Siku ni ya Ziwa, Mikono ni Yako

Wazee walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema subira yavuta heri. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto akituuliza ashike ipi, wengi wetu humpa ile inayotufaa siku hiyo: tukidaiwa, tunahubiri subira, tukidai, tunakumbuka tumbo. Lakini methali hizi hazikutungwa ziwe visingizio. Kuna mahali zinapopatana, napo ni mbali na minazi: kwenye nyumba za wageni za wavuvi kandokando ya Ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa Aprili.

Waojibwe, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Amerika, huliita Misi-zaaga'igan, yaani ziwa kubwa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 500, ingawa kina chake hakifiki mita 15. Kipupwe kikikaza, uso wake huganda hata ukabeba magari. Wenye nyumba za wageni hutengeneza barabara juu ya barafu, na vibanda vya kuvulia kwenye matundu husimama huko kama kijiji. Machi sheria huagiza vibanda viondolewe. Mashua nazo hazishuki mpaka maji yafunguke, mara nyingi mwishoni mwa Aprili. Katikati hapo kuna majuma ambayo barafu haibebi gari wala haipishi mashua. Vyumba ni vitupu. Wageni hupiga simu kuuliza: lini? Mwenye nyumba hana tarehe ya kuwapa.

Barafu ya ziwa haiondoki kama kipande kilichotiwa katika bilauri ya maji. Kwanza huyeyuka theluji iliyoifunika, ile nyeupe inayorudisha mwanga wa jua. Theluji ikiisha, barafu hugeuka kijivu, kisha nyeusi, na jua hupenya hadi ndani. Huko ndani hukatikakatika ikawa vijiti vilivyosimama wima, vimeshikana bega kwa bega kama mishumaa iliyofungwa pamoja. Kwa jicho bado ni nene. Kwa mguu ni mtego. Ndiyo maana anayelijua ziwa haulizi unene peke yake, hutazama na rangi. Ikifika hapo, upepo wa siku moja huivunja yote, na vijiti hugongana kwa mlio kama wa vioo vinavyoguswa. Aliyelala jioni akiona barafu ileile huamka akaona mawimbi, akadhani mambo yametokea usiku mmoja.

Je, mwenye nyumba hufanya nini siku zote hizo? Gati lake alilivuta nchi kavu kabla ya baridi, maana barafu ikisukumwa na upepo hulivunja kama ukuni. Sasa hubadilisha mbao zilizooza na kukaza misumari. Hufungua injini za mashua akazisafisha, huziba nyufa, huvisha fimbo mishipi mipya, hufungua mabomba yaliyofungwa yasipasuke kwa baridi, huanika magodoro. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayoyeyusha barafu. Lakini ziwa likifunguka, yeye yu tayari, na jirani aliyekaa dirishani akihesabu siku ndio kwanza anatafuta nyundo.

Waojibwe walilijua jambo hili kwa undani zaidi. Mwezi huu wa Aprili wameuita Iskigamizige-giizis, mwezi wa kuchemsha. Msituni upo mti wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Utomvu wake hutiririka vizuri usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka, yaani katika majuma yaleyale ambayo mvuvi huyaona hayana kitu. Familia huenda msituni, hukinga utomvu na kuuchemsha kutwa. Lita 40 hivi hutoa lita moja tu ya shira. Ukiendelea kuchemsha hupata sukari inayokaa. Baridi ileile inayomzuia mvuvi ndiyo inayomlisha mgema wa mepo. Waliotazama samaki tu walisema Aprili ni njaa. Waliotazama nchi nzima waliikuta tamu.

Katika kungoja huku yupo na mwingine anayefaidika. Samaki anayetafutwa hapa Waojibwe humwita ogaa, Wamarekani humwita walleye. Tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa Minnesota. Barafu ikishaondoka tu, maji yakiwa kwenye nyuzi joto 6 hadi 9 hivi, huja kwenye kokoto za maji ya kina kifupi kutaga. Hajengi kiota wala halindi mayai. Huyatawanya akaenda zake. Kwa hiyo sheria ya jimbo hufunga msimu wake mwishoni mwa Februari na kuufungua katikati ya Mei. Mvuvi anayeona amecheleweshwa kwa kweli anawekewa akiba.

Wapo wanaodhani tarehe ikishaandikwa, dunia itatii. Mwaka 2013 msimu ulifunguliwa Jumamosi, tarehe 11 Mei, na Mille Lacs lilikuwa bado na barafu. Siku hiyohiyo upepo uliisukuma barafu ikatoka ziwani, ikapanda nyasi za uani, ikavunja milango na madirisha ya nyumba za kando ya ziwa. Jimbo lilikuwa limefungua msimu; ziwa lilikuwa bado halijafunguka.

Hata hivyo, si kila kinachotuchelewesha ni barafu. Katika mkataba wa 1837 Waojibwe walitoa ardhi na kubakiza haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya mazao ya nchi ile. Baadaye jimbo lilitenda kana kwamba haki hiyo imekufa. Kama wangeendelea kungoja tu, ingebaki wino mkavu. Mwaka 1990 Waojibwe wa Mille Lacs walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba haki yao bado ipo. Sasa huvua pia wakati wa machipuko, kwa kiasi kinachowekewa mpaka. Barafu haina nia ya kukunyima, mtu anayo. Barafu hungojwa, mwenye kukunyima hukabiliwa.

Hapo ndipo methali mbili zinapopatana. Subira yavuta heri katika jambo ambalo mkono wa mtu haulifikii: jua, mvua, mimba, jeraha linalopona, barafu inayooza kwa ndani. Ngoja ngoja huumiza matumbo katika jambo lililo mikononi mwetu au mwa wenzetu, nasi tumekaa. Na hata katika lile la kwanza, heri haimfuati aliyekunja mikono, bali humkuta kwenye gati lake, ameshika nyundo.

Basi mtoto akiuliza ashike methali ipi, tusimchagulie upesi. Tumwulize kwanza: hicho unachokingoja ni barafu, au ni mtu? Kisha tumtazame mikono.