Kurudi na Kurudishwa

Mwezi wa Machi 2023 kimbunga kilichopewa jina la Freddy kiliipiga Malawi ya kusini. Watu 679 walifariki, wengine 537 hawakuonekana tena, na zaidi ya 659,000 waliyahama makazi yao. Wengi walihifadhiwa madarasani. Si ajabu basi kwamba swali moja liliwafuata tangu mwanzo: mtarudi lini?

Swali hilo si la uovu. Sisi walimu twajua kuwa mwanafunzi naye ana haki ya dawati lake. Lakini yafaa tulipime neno lenyewe. Kwa Kiswahili, msafiri hurudi kwao. Mzazi humrudi mtoto mkaidi. Na nguo ikifuliwa ikapungua, twasema imerudi.

Mkulima wa Chikwawa au Nsanje anayetamani kurudi kando ya mto Shire si mpumbavu. Mto ule ule unaomfurikia ndio unaomletea udongo wenye rutuba, naye anahitaji mbegu na jembe kabla msimu haujapita. Lakini yule wa Chilobwe, huko Blantyre, aliyeporomokewa na mlima, arudi wapi? Palipokuwa na nyumba pana mawe na tope. Huyo anahitaji ardhi nyingine. Neno "rudini" kwa watu hawa wawili si neno moja.

Mwishoni mwa mwezi huo huo neno hilo liliwafikia pia watu ambao hawakuguswa na kimbunga. Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warejee kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili chasikika humo kila pembe. Tuseme mmoja wao alikuwa na duka Biwi, mjini Lilongwe, na wanawe wameizoea shule ya hapo. Atarudije Dzaleka, na kwao si Dzaleka? Hatukatai kwamba dola ina sheria zake. Twasema tu kuwa huko ni kurudishwa, na pengine ni kurudi kwa maana ile ya mzazi na fimbo.

Darasa likihitajika Jumatatu, na liachwe wazi. Ila anayewatoa watu humo awe amekwisha kuwauliza, mmoja mmoja, wanakwenda wapi, na huko watalala chini ya nini.