Haki ya Kuutua Mzigo

Je, kila jasho ni jema kwa mwili? Tunduma ni mahali pa kuliuliza swali hilo. Hapa mpakani na Nakonde ya Zambia, mahindi ya Mbozi na Momba hupakiwa na makuli wanaolipwa kwa gunia, na gunia lenye kilemba cha lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, huzidi kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeziweka kuwa ukomo. Kijana mwenye nafasi naye hulipia jimu akanyanyue vyuma. Kwa kuwa wote wawili hutunisha misuli, watu husema kuli hahitaji mazoezi. Kauli hiyo inaumiza watu.

Msuli unaofanya kazi humwaga kwenye damu viini, kimojawapo intaleukini-6, ambavyo baadaye hutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaochakaza mishipa ya moyo. Lakini uzito mkubwa huchana nyuzi za msuli, na uvimbe hupanda kwa siku moja au mbili ndipo ushuke. Tiba imo katika kushuka huko, nako kunataka mapumziko. Presha nayo hupaa mtu anapobana pumzi chini ya mzigo: mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima watunisha misuli wakisukuma uzito kwa miguu yote miwili, wakakuta wastani wa 320 kwa 250. Wa jimu hunyanyua mara nane, akaketi, kesho akapumzika. Kuli anasubiriwa na lori, na kesho lipo jingine. Mwaka 2021 mtafiti Andreas Holtermann na wenzake walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen: mazoezi ya hiari yaliambatana na maradhi machache ya moyo, kazi nzito ikaambatana na mengi zaidi.

Atasema mtu: hiyo ni sigara na umaskini. Watafiti walivizingatia vyote viwili katika hesabu zao, na tofauti ikabaki. Mwingine ataleta neno la Paulo, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Paulo alimkemea anayekataa kazi. Hakumnyima pumziko anayeifanya. Amri ya Sabato yenyewe inamtaja mtumwa, hata punda, kwamba nao wapumzike. Kwa hoja hiyo, pumziko ni haki anayodaiwa tajiri wa mzigo, wala si hisani yake.

Lumbesa imekuwa ikipigwa vita kwa sababu humpunja mkulima. Wanaosimamia vipimo na wenye maghala ya Tunduma, waipige vita pia kwa ajili ya moyo wa anayeibeba.