Je, Mtoto Aambiwe Habari ya Damu Yake?



Swali tunalotaka kulizungumza mwezi huu huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya kanisa, watu wakiisha kutawanyika. Mlezi ana mtoto aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI. Mtoto amefika miaka tisa au kumi na mmoja, anameza dawa kila siku, wala hajui ni za nini. Ameambiwa ni za kifua. Sasa ameanza kuuliza mbona kifua hakiponi, na mbona ndugu zake wanaokohoa kuliko yeye hawapewi. Je, aambiwe? Na asipoambiwa, je, tunamlinda au tunamdanganya?

Walezi hawa tunawajua, nao si watu wabaya. Milimani kwetu wapo wanaoipita kliniki ya Lushoto na kushuka hadi Korogwe kuchukua dawa, ili wasionwe na majirani. Huvitoa vidonge katika chupa yake na kuvifunga katika kitambaa visije vikalia ndani ya basi. Mtu anayejitaabisha hivyo kwa ajili ya mtoto ana upendo. Lakini upendo huo umechanganyika na hofu, na hofu yenyewe yafaa tuitazame.

Tukiwauliza wanaogopa nini, husema kwanza kwamba mtoto atavunjika moyo. Kisha husema mtoto hana kifua, atakwenda kulitangaza shuleni. Tukikaa nao zaidi ndipo hutoka neno la tatu, nalo ndilo kubwa: mtoto atauliza, "Nimeupata wapi?" Hapo mama hana pa kukimbilia. Kwa bibi anayelea mjukuu yatima ni vigumu zaidi, kwa kuwa kumjibu mtoto ni kumtaja binti yake marehemu, naye ameazimia kwamba hakuna atakayemsema vibaya binti yake akiwa kaburini. Kwa hiyo siri hii tunayoiita ya mtoto, sehemu yake kubwa ni yetu sisi wakubwa. Kuwa na siri si dhambi. Ila tusiseme tunamlinda mtoto ikiwa tunajilinda wenyewe.

Sisi twaona hivi. Kusema uongo na kunyamaza ni mambo mawili. Jirani hana haki ya kujua yaliyomo katika damu ya mtu, wala mwalimu mkuu, wala hata padre. Ukinyamaza mbele yao hujamnyima mtu kitu kilicho chake. Lakini mwenye damu anayo haki hiyo. Kwake yeye ni kama barua iliyokuja kwa jina lake, tukaifungua sisi, tukaisoma, kisha tukaifungia sandukuni.

Mtakatifu Agostino, karibu mwaka 420, alilitazama jambo la namna hii. Mgonjwa mahututi anauliza habari za mwanawe, naye mwana amekwisha kufa, na habari yenyewe yaweza kumwua mgonjwa. Agostino hakukubali uongo hata hapo, ingawa alikiri kwamba huruma ilimvuta. Wengi watamwona mkali mno, na huenda sisi pia. Lakini angalieni tofauti: mgonjwa yule hakuwa na la kufanya kwa habari ile. Mtoto wetu analo, tena kila siku ya maisha yake.

Dawa hizi humezwa kila siku, kwa saa ile ile. Mtu akirukaruka siku, virusi huzizoea na dawa hushindwa. Mtoto wa miaka mitano mlezi humtia kidonge kinywani, lakini aliye na miaka 13 katika bweni atatiwa na nani? Dawa ya kifua huachwa kifua kikipona. Hiyo ni akili ya kawaida, na mtoto mwerevu ndiye atakayeiacha mapema kuliko wote.

Tulipokuwa tungali darasani alikuwako msichana mmoja. Shule na mwaka hatuvitaji. Aliona jina la dawa katika bango la zahanati, akalifananisha herufi kwa herufi na lile la chupa ya nyumbani. Hakulia wala hakugomba na mtu. Aliacha kumeza dawa kwa wiki kadhaa. Alipoulizwa na mwalimu aliyempenda, alisema kilichomwumiza si ugonjwa, bali ni kwamba nyumba nzima walijua, hata shangazi yake wa Dar es Salaam, isipokuwa yeye.

Sisi watu wa Usambara twaikumbuka habari ya Mbegha, aliyoiandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa Magila na wamisionari wetu wa UMCA. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi. Kwa ajili hiyo ndugu zake walimnyima urithi, akaondoka Nguu, na mwisho akatawala Vuga. Wengine hupenda habari za uwindaji wake. Sisi twakumbuka meno. Jambo la mwilini mwake, ambalo hakulitenda yeye, ukoo ulilifanya silaha. Hata leo lisiposemwa na wampendao mtoto, litasemwa siku ya ugomvi na mtu asiyempenda.

Aambiwe lini basi? Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa umri wa shule waambiwe, na walio wadogo zaidi waandaliwe kidogo kidogo. Mtoto wa miaka sita aweza kusikia kwamba damu yake ina askari, na kwamba dawa inawasaidia askari hao wasishindwe. Jina la ugonjwa litafuata baadaye. Tena kumbukeni kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 aweza kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Usipomwambia wewe, ataambiwa na mgeni dirishani.

Watoto wetu tunawapeleka kwenye Kipaimara, na huko twawataka wajibu kwa vinywa vyao yale waliyojibiwa na wasimamizi wao katika ubatizo. Ni ajabu mtoto kuweza kumjibu Askofu habari za roho yake, na kuonekana mdogo mno kwa habari za damu yake. Samweli alikuwa mtoto Mungu alipompa neno zito juu ya nyumba ya Eli, na mzee Eli mwenyewe alimtaka asimfiche.

Anayefaa kusema ni mzazi au mlezi, na muuguzi awe karibu. Katekista na mwalimu wasimtangulie. Hatusemi kwamba haitaumiza. Wapo watoto wanaonuna mwezi mzima. Na mtoto akiambiwa asitangaze, aelezwe sababu: hatuvui nguo barabarani, wala si kwa kuwa mwili ni aibu.

Juu ya mama, bibi aseme kweli bila kumhukumu. Mama alikuwa na virusi, huenda hakujua, wala hakupenda kumpa mwanawe. Pasipo dawa, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitibiwa vema, hawafiki 5. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwetu mwaka 2004, lakini si kila mama alifikiwa kwa wakati.

Sisi wa umri huu tulianza kuusikia ugonjwa mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera, na kwa miaka mingi tulifundishwa kwa picha za mafuvu. Picha hizo bado zimo vichwani mwetu. Mlezi na aende kliniki kwanza ajifunze upya, asije akamwambia mtoto habari za mwaka 1990.

Kwa maana maswali hayatakwisha siku ile. Yatarudi baada ya wiki, mkiwa shambani mnachuma maharage. Msichana atauliza kama ataolewa. Jibu la kweli ni ndiyo. Anayemeza dawa sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na wapo waliozaliwa na virusi ambao leo wana watoto wasio navyo.