Goti au Pumzi?

Shangazi alipoacha kukuna nazi, hakuna aliyeshangaa. Vidole vilikuwa vimevimba, na kila asubuhi alikaa kitandani zaidi ya saa nzima akivikunja na kuvikunjua mpaka vilegee, ndipo aweze kujifunga kanga. Baridi yabisi tuliijua. Alipoacha kwenda sokoni kwa miguu, tukasema ni magoti. Alipoanza kukohoa, kikohozi kikavu, tukasema ni moshi wa kuni. Mwenyewe akiulizwa hali alijibu, "Sijambo, mwanangu, nashukuru." Tukamsifu kwa uvumilivu wake.

Alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Akapewa dawa za kikohozi, mara tatu. Kisha daktari mmoja kijana akamsikiliza mgongoni, chini kabisa, kwa muda mrefu. Mapafu yalikuwa yakichakarika kama makuti makavu yanayokanyagwa. Akauliza: "Mama, ukipanda ngazi, kinachokusimamisha ni goti au pumzi?"

Shangazi alinyamaza kidogo. "Pumzi," akasema.

Baridi yabisi haiishii kwenye viungo. Ni kinga ya mwili iliyomgeukia mwenyewe, na kinga hiyo huzunguka na damu kila mahali. Huweza kujaza maji kati ya pafu na ukuta wa kifua, au kuacha makovu ndani ya mapafu hadi yakakamae. Takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hupata makovu ya kiasi cha kumletea dalili, na sigara huzidisha hatari. Kovu likishajengeka halifutiki. Juhudi zote ni za kulizuia lisienee. Tena mwenye magoti mabovu hutembea kidogo, na anayetembea kidogo hana pa kuhemea. Hivyo kifua huchelewa kujulikana.

Uvumilivu nimelelewa kuuheshimu, na bado nauheshimu. Ila siku ile nilitambua kwamba ukimya wa shangazi ulitupumzisha sisi, ndiyo maana tuliupenda. Tulimpa pole tukiwa tumesimama, mkono uko mlangoni. Hakuna aliyekaa mkekani hadi lile "sijambo" la kwanza lipite, lije jibu lenyewe.

Kama nyumbani kwenu yupo mwenye baridi yabisi, tembea naye taratibu hadi barabarani na kurudi, usikilize anavyohema. Kikohozi kikimganda kwa wiki kadhaa, mpelekeni hospitali, na mtajieni daktari habari za viungo hata kama mmekwenda kwa ajili ya kifua.