Maneno Sita

Mdogo wangu aliacha karatasi yenye maneno sita ya Kiingereza. Siyo barua, siyo wosia. Maneno sita tu, kila moja na namba yake pembeni, kuanzia moja hadi sita, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Shemeji aliikuta ndani ya daftari la hesabu za dagaa, akaja nayo kwangu ikiwa imekunjwa mara nne. Akauliza, "Shemeji, hii ni sala au ni nini?"

Nilijua ni nini, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimejaribu kuieleza habari hii kwa rafiki zangu wa vitabu, na kila mara wanaipokea kama habari ya teknolojia. "Aa, hayo mambo ya bitcoin," wanasema, halafu wanarudi kwenye riwaya. Mimi naona swali lake ni la zamani kuliko simu. Mali ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuifikia, ni mali kweli, au ni siri tu yenye bei? Na yule aliyemfundisha mwenzake kuificha, ana deni gani kwa waliobaki?

Kwetu ni Suguti, Musoma Vijijini. Wanaisimu wamelichukua jina hilo wakalipa kundi zima la lugha, Kijita, Kikwaya na ndugu zao, lakini kwa sisi wa pale ni mto na ni nyumbani, basi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa akinunua dagaa mwaloni na kuwapeleka Mwanza. Juni 2021 Rais Samia alikuwa Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, akaiambia benki hiyo ianze kujiandaa na mambo ya sarafu za kidijitali. Benki hiyohiyo Novemba 2019 ilikuwa imetangaza kwamba sarafu hizo haziruhusiwi nchini. Mdogo wangu aliisikia hotuba redioni akaichukua kama ruhusa. Haikuwa ruhusa, lakini nani wa kumwambia? (Mwaka 2024 serikali iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo pengine alikuwa amewahi tu.) Akaanza kununua kidogo kidogo, elfu hamsini leo, laki mwezi ujao, kutegemea na bei ya dagaa.

"Kaka, mimi naogopa wadukuzi," aliniambia. Mimi ni fundi simu Musoma mjini, kwa hiyo nyumbani naitwa mtaalamu wa kila chenye waya.

Nikamfundisha. Nikamwambia pochi ya kripto haina sarafu ndani, ina ufunguo tu. Ufunguo huo huandikwa kwa maneno 12 au 24 yanayochaguliwa kutoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048. Anayeyajua kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali. Hakuna jina, hakuna kitambulisho cha NIDA, hakuna alama ya kidole. Akataka kujua kama kuna orodha ya Kiswahili. Haipo. Kuna ya Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki, Kireno. Ya Kiingereza inaanza na neno la kutelekeza na kuishia na bustani ya wanyama. Akacheka sana. Akasema, kwa hiyo utajiri wangu nitautunza kwa lugha iliyonifelisha kidato cha nne?

Nikamwambia asiache sarafu zake kwenye soko la mtandaoni, kwa sababu masoko huibiwa. Mt. Gox ya Japani ilianguka mwaka 2014 baada ya bitcoin zipatazo 850,000 kutoonekana, ingawa baadaye 200,000 zilipatikana. Nikamwambia asipakue programu kutoka kwenye viungo anavyotumiwa WhatsApp, kwani ipo programu hasidi inayokaa kimya ndani ya simu ikingoja unakili anwani ya pochi, na ukija kubandika inakuwa imeshaweka ya mwizi. Unatuma mwenyewe, kwa kidole chako. Kwa hiyo kabla ya kutuma, soma anwani herufi kwa herufi. Na maneno yale usiyapige picha. Hapo aliona nazidisha. Nani atakuja kupekua picha zangu za dagaa? Februari 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza habari za programu hasidi iliyoitwa SparkCat. Ilijificha ndani ya aplikesheni zilizokuwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, ikasoma maandishi yaliyomo kwenye picha za watu ikitafuta maneno kama hayo. Nilipoisoma habari ile mdogo wangu alikuwa ameshazikwa. Ni uchungu wa aina yake, kuthibitishiwa kwamba ulikuwa sahihi.

Halafu nikamwambia neno la mwisho. "Usimwambie mtu. Hata mimi. Hata mke wako. Sita andika, sita weka kichwani."

Hilo la kugawa, nilikuja kujua baadaye, halikuwa hata ushauri mzuri wa kifundi. Lingekosekana neno moja, kompyuta ya kawaida ingelipata upesi. Yakikosekana sita, ni 2,048 kujizidisha yenyewe mara sita, namba yenye tarakimu 20. Mwaka 2023 alipata ajali barabarani akitoka Mwanza. Kichwa kilichobeba sita zilizobaki tulikizika siku ya pili yake, jioni, mvua ikinyesha.

Wengi tunaijua hadithi ya Ali Baba. Tunaikumbuka kwa ajili ya pango na dhahabu, lakini mimi siku hizi namfikiria Kasimu, kaka yake, aliyeingia ndani akapakia mali, akageuka kutoka, akasahau neno. Alikumbuka kwamba ni jina la nafaka au mbegu. Akataja shayiri, akataja nyingine na nyingine, ufuta haukumjia. Mlango haukumwonea wala haukumhurumia. Mlango ule haukujali nani mwizi na nani mwenye mali. Na ukitazama vizuri, Ali Baba mwenyewe alikuwa anawaibia wezi. Ulijua neno tu. Waliotengeneza hizi sarafu wanaona hiyo ndiyo sifa yake kubwa: hakuna karani wa kuhongwa, hakuna serikali ya kufungia akaunti yako. Nakubali. Lakini karani asiyehongeka ni karani asiyesikia pia.

Linganisha na benki. Mtu akifa, familia inakaa kikao, inakwenda Mahakama ya Mwanzo, anateuliwa msimamizi wa mirathi, anachukua barua yake na cheti cha kifo, anapanga foleni. Inachosha, na kuna watu wanadhulumiwa njiani, najua. Ila kuna dirisha. Nyuma ya dirisha kuna mtu, na mtu anaweza kuambiwa: mwenye hii fedha amefariki, na hawa ni watoto wake. Sisi watoto tunao watatu. Hatuna dirisha.

Ubaya zaidi, fedha tunaiona. Aliwahi kunitumia anwani yake nilipokuwa namlipa deni dogo, ninayo mpaka leo. Daftari la bitcoin liko wazi kwa dunia nzima, yeyote mwenye anwani anaweza kuangalia salio. Limekaa palepale, halijapungua hata chembe. Thamani yake siku ile shemeji alipokuja ilikuwa milioni sita na ushee. Hiyo ni ada za shule, ni bati, ni mtaji wa kurudi mwaloni.

Kwenye kikao cha arobaini, baba mkubwa aliniuliza mbele ya watu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe ndiye uliyemfundisha. Hayo mengine huyajui kweli?"

Nikasema siyajui.

Akatikisa kichwa, wala hakuonyesha kutoamini. Lakini tangu hapo nimefikiri sana juu ya jambo hili: hakuna njia ya kuthibitisha kwamba hulijui neno. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba anajua, kwa kulitamka. Kutojua hakuna ushahidi. Siku salio lile likihama, kwa sababu yoyote ile, mimi ni mwizi. Kama si mimi, ni shemeji, maana na yeye wapo wanaomnong'ona, eti mke atakosaje kujua. Siri niliyomfundisha mdogo wangu ili kumkinga na wezi imetugeuza sisi wawili kuwa washukiwa wa wizi ambao haujatokea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiisikia kama methali ya utani. Sasa naisikia kama hoja. Hata hivyo sitaki kuigeuza fimbo ya kuchapia kila siri, maana shemeji mwenyewe alinirudisha nyuma. Siku moja nilianza kujilaumu mbele yake, nikasema mume na mke hawapaswi kufichana. Akanitazama kama mtoto. "Shemeji, na mimi nilikuwa na yangu. Asingejua kamwe. Kuna mwaka alikopesha mtaji wote kwa rafiki zake, tungekula nini?"

Hapo nikanyamaza. Kwa mwanamke mwenye mume mgumu, au mume mwepesi mno wa kutoa, siri ndiyo kufuli pekee aliyonayo. Anayesema mali yote iwe wazi kwa ndugu wote huwa hajawahi kuuziwa ng'ombe wake na ndugu. Kwa hiyo sisemi siri ni dhambi.

Lakini sikiliza alikuwa anaiweka wapi hiyo yake. Kwenye kikoba. Wenzake wanaijua mpaka shilingi ya mwisho. Wanakutana kila wiki, hisa zinahesabiwa kwa sauti, fedha zinaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, wala sanduku halilali kwa yeyote kati yao. Mmoja peke yake hafungui kitu. Mmoja akifa, kikao kinakaa, ufunguo unapata mtu. Alimficha mume, hakuificha dunia.

Na hapa ndipo ninapojiona mjinga. Bitcoin inao utaratibu kama huo. Unaweza kuweka pochi yenye funguo tatu, zikatosha mbili kati ya hizo kufungua. Mwizi akipata moja, hapati kitu. Wewe ukifa, waliobaki wawili wanakutana. Nilikuwa naujua. Sikumfundisha kwa sababu niliona ni mgumu, mambo ya wasomi, mtu wa dagaa hataelewa. Mke wake alikuwa anaufanya kila wiki chini ya mwembe.

Mama yangu naye. Kwa miaka nimemgombeza juu ya namba yake ya siri ya simu. Anaijua mjukuu, anaijua wakala, anaijua jirani. Kisha akaugua usiku, mimi nikiwa mjini simu imezima chaji, na huyo jirani ndiye aliyetoa fedha kwenye simu ya mama, akakodi gari, akamfikisha hospitali. Chenji alirudisha. Najua vizuri kwamba kuna jirani mwingine ambaye angetoa zote akapotea. Wateja wangu kibandani wamelizwa hivyo, tena na ndugu wa damu. Mama naye analijua hilo. Nilipomwuliza haogopi, akasema, "Naogopa. Lakini naogopa zaidi kufa na namba."

Sikuwa na la kujibu. Mafunzo yangu yote yana adui mmoja, mwizi. Hayana ukurasa juu ya kifo, ugonjwa, usahaulifu. Wizi hauji kwa kila mtu. Hivyo vingine vinakuja. Yule bwana wa Newport kule Wales aliyepoteza bitcoin zipatazo 8,000 mwaka 2013, diski yake ilipotupwa dampo, hakuibiwa na mdukuzi. Miaka yote ameliomba baraza la mji limruhusu akachimbue taka, na Januari 2025 mahakama ilimkatalia.

Kuhusu deni langu, nimefikia hapa, nanyi mnaweza kunipinga. Kumficha mwizi ni haki ya mdogo wangu. Kuwaficha wanaokutegemea mpaka kaburini hakukuwa haki yake, na mimi niliyemwambia "hata mke wako" nilisema kwa wepesi wa mtu asiye na cha kupoteza. Sikuiba. Lakini kama ningeacha shimo wazi njiani mtoto akatumbukia, nisingejitetea kwamba sikumsukuma. Kwa hiyo ada ya mtoto mkubwa nalipa mimi. Baba mkubwa aliposikia nalipa, nasikia alisema, "Mnaona?" Yaani kwake huo ndio ushahidi. Nitafanyaje? Nikiacha kulipa nitakuwa msafi machoni pake, na mtoto atakaa nyumbani.

Karatasi ya maneno sita nilitaka kuichoma. Shemeji akakataa. Ameiweka kwenye sanduku lake la vitenge, anasema huenda siku moja zitapatikana kompyuta kubwa zaidi. Namwambia hapana, anasema wewe tunza hesabu zako, mimi natunza mwandiko wake.

Jana usiku niliangalia tena ile anwani. Salio ni lilelile.