Lebo ya Nyigu na Amana ya Kuandika

Ndani ya droo za makumbusho ya wadudu, nyigu kidusia huhifadhiwa juu ya pini, na chini yake huwekwa lebo ndogo: mahali aliponaswa, tarehe, jina la aliyemnasa na, pakiwa na bahati, mdudu ambaye mwilini mwake alikulia. Hamna neno la sifa wala la lawama. Je, kuandika hivyo bila kuhukumu ni uadilifu, au ni kukwepa wajibu?

Charles Darwin hakuweza kunyamaza. Katika barua aliyomwandikia Asa Gray mwaka 1860, alikiri kwamba hakuweza kujishawishi kuwa Mungu mwenye huruma aliwaumba kwa makusudi nyigu wa jamii ya Ichneumonidae ili wale ndani ya miili ya viwavi walio hai.

Sasa tumtazame ndugu yao wa mbali, Anagyrus lopezi, ambaye urefu wake haufiki milimita tatu. Mwanasayansi wa Argentina, Luis De Santis, alimpa jina mwaka 1964, wakati ambapo Afrika haikuwa na haja naye. Katika miaka ya 1970, kidungata wa muhogo, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini, alizuka katika nchi za Kongo na kuanza kuangamiza mashamba. Mwaka 1981 nyigu wetu alipatikana Paraguay, akapitishwa karantini Uingereza, kisha akaachiliwa Nigeria. Jike hutaga yai ndani ya kidungata, na buu humla mwenyeji wake kutoka ndani. Ukatili wa namna ileile iliyomsumbua Darwin ukaokoa chakula cha mamilioni ya watu, nasi wa Afrika Mashariki tukiwamo. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Basi nyigu huyu ni mwovu au ni mwema? Sisi tuliolelewa kwa muhogo tungependa kumwita mwema. Lakini yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni haja yetu. Ndiyo maana naona kimya cha lebo kuwa ni haki. Lau ingeandikwa kwa wenye manufaa tu, mdudu wa mwaka 1964 asingeandikwa kamwe.

Hata hivyo, kimya si cha aina moja. Lebo nyingi za enzi ya ukoloni zina jina la bwana mkusanyaji, lakini hazina jina la kijana aliyemwonyesha njia na kushika taa usiku. Na vielelezo vingi vya wadudu wa Afrika vimo London, Paris na Tervuren. Mtafiti wa Dar es Salaam huenda akalazimika kuomba viza ili amwone nyigu aliyenaswa kwao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari limebaki, na waliolijaza ndio waliopotea.

Kutomhukumu nyigu ni kumtendea haki, kwa kuwa yeye hadai sifa wala hatambui lawama. Kutomtaja binadamu ni dhuluma, kwa kuwa alistahili kutajwa. Mwandishi wa kumbukumbu amekabidhiwa amana mbili: aizuie hukumu pale asipoijua, na asilizuie jina pale analolijua.