Janibu Nne za Nyumba

Mtu aliyejaaliwa kiwanja na mali ya kujengea, akamwendea mchora ramani na kumwagiza nyumba itakayopendeza kutoka kila upande, mbele, nyuma na ubavuni, huwa ameuliza, pengine bila ya kukusudia, swali lisilokuwa la ujenzi peke yake. Maana wenyewe wa nyumba wakisha kuingia na kufunga mlango hawauoni tena ukuta wa nje. Uzuri wa nje, basi, ni wa macho ya wengine, na amali ifanywayo kwa ajili ya macho ya wengine ndiyo ambayo wacha Mungu, tangu zamani, huitilia shaka. Je, gharama ya kuzitengeneza janibu zote nne ni ihsani, au ni riya?

Wako wanaojibu upesi kwamba ni riya, na hoja yao haikosi nguvu. Kurani inasimulia habari za Nabii Hud, aliyeilaumu kaumu yake ya Adi kwa kusimamisha majengo ya upuuzi juu ya kila mwinuko, na kwa kujenga makasri kana kwamba mauti hayatawafikia. Lakini nadhani wenye hoja hii wameielekeza kwa mtu asiyekuwa wake. Mwenye riya hatengenezi pande nne. Mwenye riya ni mtu wa hesabu kali: huitazama barabara kwanza, akapima ni upande upi utakaoonwa na wapitao na wageni wenye vyeo, akautia mawe ya kuchongwa, nguzo mbili za urefu usio na kazi, na vigae vya rangi, kisha pande zilizosalia akaziacha tofali tupu. Nyumba za namna hii zimejaa katika mitaa mipya ya miji yetu, ya pwani na ya bara, nazo ni kama mtu aliyeipiga pasi kanzu yake upande wa kifua tu. Riya huchagua wa kumwonyesha, na palipo na kuchagua pana wanaoachwa.

Tuwatazame hao walioachwa. Nyuma ya nyumba hizo lipu, kama ipo, imezidishwa mchanga hata ukipitisha kiganja hurudi na vumbi. Bomba la maji machafu limetoboa ukuta pale lilipoona njia na kuteremka mshazari. Mfereji wa paa umekatwa kabla ya kufika kona, na kila masika maji humwagika ukutani, yakaacha mchirizi mweusi, na chini ya mchirizi kuvumwani. Ukimwuliza fundi, atakujibu kwa upole: "Huku nani atapita, bwana?" Jibu lake ni refu kuliko anavyodhani. Kwa desturi za kwetu uani ndiko kwenye jiko, kisima, kamba ya nguo na mbuzi ya kukunia nazi. Huko hushinda mama wa nyumba na binti zake, mtumishi na watoto, tangu alfajiri hata magharibi, ilhali baraza ya mbele hukaliwa saa chache za jioni. Na ng'ambo ya ua yuko jirani, ambaye dirisha lake la chumba cha kulala halina cha kutazama ila mchirizi ule. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye sifa zake zitamfaa mwenye nyumba mbele ya watu. Wamepewa tofali tupu kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya upungufu wa fedha. Nguzo mbili za mbele zingaliuzwa, zingalinunua lipu ya nyuma na baki ikarudi.

Hapo ndipo naona swali limetoka katika mlango wa mapambo na kuingia katika mlango wa haki, nao ni mlango ambao fikihi iliupita zamani. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis katika karne ya 14, aliyejua chokaa na mawe kwa mikono yake mwenyewe, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na ndani yake mna habari za ukuta wa shirika, dirisha linalochungulia nyumba ya pili, moshi unaomwelekea jirani na maji yanayomwagikia kwake. Wanavyuoni wa namna hii waliushika msingi mmoja, kwamba mtu hana ruhusa ya kutumia milki yake kwa kumdhuru mwenziwe, wakauona ukuta kuwa kitu chenye pande mbili na wenye haki wawili, hata kama gharama ililipwa na mmoja. Kweli, hakuna kadhi atakayemhukumu mtu kwa ubaya wa sura ya ukuta wake. Lakini si kila haki hungoja kadhi.

Wazee wa Lamu walikuwa na jibu jingine, nalo lilikuwa kunyamaza. Nyumba zao kongwe za karne ya 18 zilizungushiwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha haba, wala nakshi nje haikuwako ila mlangoni na katika daka, penye mabaraza ya kuketi mgeni. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, nao hauzidi sana mita 3. Lakini katika vyumba hivyo vyembamba, na hasa katika chumba kiitwacho ndani, ambako mgeni wa kupita hafiki, ndiko mafundi walikochonga lipu na kupanga zidaka safu juu ya safu. Wengi husifu tawadhui ya nyumba hizi, na mimi husifu kwa kiasi. Mlango wa nakshi ulitangaza mali vya kutosha, na aliyejenga wikio juu ya njia ya watu, ili nyumba zake mbili ziungane angani, hakuwa amekusudia kujificha. Hata hivyo walikuwa na insafu moja tuliyoipoteza: mlango ukiutoa, ukuta aliopewa mpita njia ndio ule ule aliopewa jirani.

Kinyume chao alikuwako Andrea Palladio, Mtaliani, ambaye katika miaka ya 1560 alianza kumjengea Paolo Almerico, kasisi aliyestaafu utumishi wa Papa, nyumba iitwayo La Rotonda karibu na mji wa Vicenza. Pande zake nne zote ni mbele: kila upande una ngazi, na juu ya ngazi ukumbi wa nguzo 6, wala hakuna upande uliopunjwa. Katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1570 alitaja sababu, kwamba kilima kile kina mandhari nzuri kila upande; yaani zile kumbi alizijenga kwanza ili watu watazame, si ili watazamwe. Fauka ya hayo aliigeuza nyumba hata pembe zake zikaelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, ili kila upande upate sehemu yake ya jua. Hii ni insafu kubwa, nami sijui nyumba ya kizungu niipendayo zaidi. Ila nyumba yenye mbele nne haina uani. Jiko na watumishi waliwekwa chini ya sakafu ya wakubwa, na wenyewe waliofuata ikawabidi kuongeza kando jengo la kazi za shamba. Wale ambao sisi huwapa tofali tupu, Palladio aliwaondoa machoni kabisa.

Tena kufanana kwa pande nne hakuafikiani na nchi zetu. Hapo Unguja, nyuzi 6 kusini ya Ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, na kuta za mashariki na magharibi huchomwa mwaka mzima; pepo za kaskazi na za kusi hupokezana zamu, na mvua ina upande iupendao. Kila upande umekwisha kupewa hali yake na Aliyeumba, kabla ya mchora ramani kushika kalamu.

Ipo nyumba moja ambayo watu huizunguka kwa kweli na kuiona kila upande, mara saba kwa kila tawafu, nayo ni Kaaba. Sisemi kwamba ilisimamishwa ili kuwafunza waashi, adabu yanizuia. Lakini mwenye macho huona kwamba kiswa huifunika pande zote, na mshipi wa maandishi ya dhahabu huizunguka pasipo kukatika. Na juu ya hayo pande hazifanani. Mlango ni mmoja, umeinuliwa yapata mita 2 kutoka ardhini, na pazia lake limepambwa kuliko nguo iliyobaki. Mizabu ya maji ya mvua iko upande wa Hijri Ismaili. Kila rukni ina jina lake: moja ina Jiwe Jeusi, ya Yamani hupapaswa kwa mkono, mbili nyingine hupitwa tu. Hakuna upande uliodharauliwa, wala upande ulioigizwa kwa mwingine. Nyumba ya mtu wa kawaida yaweza kufuata kipimo hicho kwa gharama ndogo: mbele ipewe ukaribisho, ubavuni sitara na madirisha yasiyomchungulia jirani, uani kivuli, sakafu isiyoteleza na ukuta safi kwa wanaofanya kazi mbele yake mchana kutwa.

Linabaki swali moja ambalo wenye kiwanja chembamba hulikuta, nalo ni la ukuta wa mpakani, ule ambao jirani akimaliza kujenga utabakiwa na nafasi ya shubiri mbili tatu, ambamo paka hupita kwa taabu. Huko hakuna mgeni, hakuna mtumishi, hakuna dirisha. Yuko Mola peke yake. Baadhi ya watu wazuri, wakikumbuka jinsi Mtume alivyomweleza Jibrili kwamba ihsani ni kuabudu kama mwenye kumwona Mungu, watasema hapo ndipo panapostahili nakshi bora kuliko zote. Mimi sifiki huko. Nakshi ni maneno anayoambiwa mwanadamu, na palipokosekana wa kuambiwa, fedha yake ina maskini wanaoingojea. Uimara ni jambo jingine. Ukuta huo ukipigwa lipu ya mchanga mtupu utakunywa maji ya masika, na unyevu utamfikia mtoto alalaye upande wa pili, bila ya yeyote kujua ulikotoka. Kwa hiyo saruji ichanganywe kwa kiasi kile kile cha mbele, mfereji ufike hata kona, na mwashi alipwe kwa ukuta huo ujira ule ule, naye mwenye nyumba aende akaukague mwenyewe, kwa mkono na kwa jicho, kabla jirani hajaanza kupanga tofali zake.